Picha ya Madobi

Jenereta lilipigwa picha. Tuanzie hapo, kwa sababu hapo ndipo Mama Tulia alipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijamshuka vizuri.

Siku hospitali ilipotimiza nusu karne, ule ukuta mrefu wa korido, unaotoka mapokezi mpaka dirisha la dawa, ulipakwa rangi upya ukatundikwa picha za kila idara. Madaktari walikuwepo na makoti yao. Wauguzi walikuwepo, na watu wa maabara, na wahasibu waliokunja mikono kama wachezaji wa mpira, na walinzi pamoja na mbwa wao. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeoshwa mpaka magurudumu. Na mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, ndani ya fremu yenye kioo, lilikuwepo jenereta. Madobi hawakuwepo.

Pengine jambo hilo lingepita hivihivi, maana siku ile kulikuwa na hotuba nyingi na soda, na watu wakishapewa soda hawaulizi sana. Lakini Bibi Buluu alikuja na mjukuu wake. Bibi Buluu ndiye mkubwa wa madobi wote, mwanamke aliyekula chumvi nyingi, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kutia buluu, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye maji ya kusuuzia. Kipimo chake ni kiganja chake na jicho lake. Alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, na alishamwambia mjukuu, tena kwa kurudiarudia, kwamba atamwonyesha picha yake ukutani. Basi akamshika mkono, wakaanzia mapokezi, wakapita fremu moja baada ya nyingine, bibi amekaza macho kama mtu anayetafuta sindano, mpaka wakafika mlango wa choo.

"Bibi, wewe uko wapi?" mtoto aliuliza.

Bibi Buluu akatazama jenereta. Akatazama mlango wa choo. "Niko kazini," akasema, kisha akamvuta mjukuu wake wakaenda kutafuta soda.

Mama Tulia alikuwa nyuma yao na alisikia kila neno. Angekuwa dobi mwingine angemeza, maana madobi wamezoea kumeza. Yeye hakumeza.

Sasa huyu Mama Tulia. Jina lisikudanganye, utulivu haujawahi kumtembelea hata kwa bahati mbaya. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kamera. Kila akiiinua humwambia mtu, "Tulia, tulia, usipepese," huku yeye mwenyewe anaruka huku na huku, anachuchumaa, anapanda juu ya ndoo, anashuka. Kamera yenyewe alipewa na shemeji yake, dereva wa lori, kama shukrani ya kumuuguza mama mkwe alipovunjika nyonga. Ni kamera ya mtumba. Kioo chake cha nyuma kina mkwaruzo kuanzia pembe hadi pembe, na kifuniko cha betri kinashikiliwa na gundi ya karatasi. Shemeji alidhani itawekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mama Tulia aliivaa shingoni Jumapili ileile, na tangu hapo hakuna kuku, mlango wala jirani aliyesalimika. Mume wake ni seremala, mtu mpole mwenye utani wa chini kwa chini, naye anaiita kamera hiyo mume mwenzake. "Mume mwenzangu ameshakula?" huuliza akiona betri imechomekwa kwenye chaji.

Na alijifunzia wapi? Kwenye simu. Kuna kikundi kinaitwa Darasa la Mwanga, kimejaa watu wa kazi zao wanaopenda picha kupita kiasi: mwalimu wa chekechea, muuza vioo, kinyozi, na kiongozi wao, mzee anayejulikana kama Fundi Redio kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka redio za kutengeneza zikaisha. Kila mtu hutuma picha yake, wenzake wakamsema, na kesho hutuma nyingine. Fundi Redio huongea kwa ujumbe wa sauti, polepole, na nyuma yake hakukosi jogoo. Kwa mzee huyo Mama Tulia alijifunza kusogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa lenzi, kumkalisha mtu ubavu kwa dirisha, na kutofuta picha yoyote kabla ya kuitazama kwenye kioo kikubwa. Naye akachangia la kwake: lenzi isifutwe kwa upindo wa gauni, ifutwe kwa kipande cha shuka kuukuu la pamba, lililofuliwa mpaka likalainika na kusuuzwa mpaka likasahau sabuni. Ushauri huo ulipendwa sana kikundini. Na alikuwa na sharti moja ambalo hajalivunja hata siku moja: hampigi mgonjwa picha, wala kitu cha mgonjwa. Hospitalini ni uani tu, madobi tu.

Basi asubuhi baada ya sherehe zile akaenda kwa Katibu wa hospitali.

Katibu si mtu mbaya, na tusimsingizie. Ni mtu nadhifu, kijana kidogo kwa cheo chake, anayepanga kalamu zake mezani kwa urefu. Alimpa Mama Tulia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akageuza kompyuta ili aone mwenyewe.

"Picha yenu ilipigwa, mama. Hii hapa. Niliona nisiwaaibishe mbele ya wageni."

Mama Tulia akainama kutazama. Mashuka yaliyoanikwa nyuma yalionekana kila pindo na kila kibanio. Mbele yake walisimama wanawake saba wasio na nyuso. Vitambaa vya kichwa vilikuwepo, sare zilikuwepo, viatu vya mpira vilikuwepo, lakini kati ya kitambaa na kola palikuwa na giza tupu. Katika giza mojawapo yalionekana meno, na hayo yalikuwa ya Kicheko, yule mwenzao asiyeweza kufunga mdomo hata msibani.

"Unaona mwenyewe," Katibu akasema. "Mashuka meupe, na nyinyi ni weusi. Kamera itafanyaje?"

"Na wewe una rangi gani, Katibu?"

Katibu akainyoosha kalamu moja ambayo haikuwa imepinda. Picha yake kule ukutani ilitoka vizuri sana. Alisimama kivulini mbele ya ukuta wa kijani.

"Sikusema kwa ubaya. Fremu zimekwisha na ukuta umejaa, ndicho ninachosema. Ila mkipata picha nzuri, leteni. Tutaona."

Wewe unajua, na mimi najua, na Mama Tulia alijua vilevile, kwamba "tutaona" ya ofisini maana yake ni hapana iliyovaa tai. Lakini aliikamata hivyohivyo. Akasimama, akasema, "Nitaileta kabla Bibi Buluu hajaondoka hapa," akatoka bila kufunga mlango.

Alijua picha ile iliharibikaje, maana na yeye alikuwemo. Walipoambiwa mpiga picha anakuja, wahasibu walichana nywele na wauguzi wakapaka mafuta midomo. Madobi walichagua mashuka. Walitoa yale mapya ya wodi ya uzazi, Bibi Buluu akayatia buluu kwa mkono wa sherehe, wakayaanika wakiyanyoosha pembe kwa pembe, na sare zao wakazitia wanga mpaka zikaweza kusimama zenyewe. Mpiga picha, mpwa wa mmoja wa wahasibu, alifika jua likiwa utosini akiwa na haraka zake. Akataka kuwapeleka kivulini, wakamkatalia katakata: hapahapa, mbele ya kazi yetu. Hakuna idara nyingine ambayo ingefanya kosa hilo. Walitaka mashuka yaonekane, na yakaonekana, wao wakapotea.

Mama Tulia alimtumia Fundi Redio ujumbe mrefu ambao nusu yake siwezi kuiandika hapa. Jibu lilikuja saa ya chai, jogoo akitangulia.

"Binti yangu, punguza moto. Kamera haijui shuka. Haijui uso. Inajua tu kwamba mwanga ni mwingi au ni kidogo. Ikiona weupe umejaa mbele yake inashtuka, inadhani jua limeingia ndani, inajikunja. Shuka linapunguzwa na mtu anageuka makaa. Sasa, una kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Weupe ukizidi, jumlisha. Najua moyo unakwambia utoe. Wewe jumlisha."

Aliwasikilizisha wenzake wote ujumbe huo, simu imewekwa juu ya karai lililopinduliwa, halafu akawaambia mpango wake. Wapige picha upya, na safari hii wasimame kwenye ukuta wa stoo, ule wa kahawia, wenye kivuli kizuri.  Mashine moja ilikuwa inazungusha foronya, ndiyo pekee iliyoendelea kuongea.

"Stoo?" Bibi Buluu akauliza. "Mimi nipigwe picha stoo, bila shuka hata moja? Si nitaonekana nimekuja kuona mgonjwa?"

"Daktari kapigwa na kipimo chake shingoni," Kicheko akadakia. "Jenereta limepigwa na nyaya zake. Sisi ndio tuvuliwe mashuka?"

 Walikuwa na haki. Mama Tulia alijisikia vibaya kwamba wazo lile lilitoka kwake, kisha akajisikia vizuri kwamba lilikataliwa namna ile. "Basi mashuka yatakuwepo," akasema. "Na nyuso zitakuwepo. Vyote viwili, wapende wasipende."

Kusema hivyo ni rahisi. Alijaribu kwa flashi, nyuso zikang'aa kama masufuria na macho yakatoka kama ya watu waliokamatwa wakiiba. Akazima flashi, akajumlisha kama alivyofundishwa, akajumlisha tena. Hapo nyuso zikaja! Kicheko alionekana mpaka vishimo vya mashavu. Mama Tulia akapiga kelele ya furaha, akamkimbilia Bibi Buluu na kamera mkononi. Bibi akaishika mbali na macho, akaigeuza, akaisogeza.

"Shuka liko wapi?"

"Hilo hapo nyuma, bibi."

"Hii ni karatasi. Shuka lina pindo. Shuka lina kamba, lina kibanio, likipigwa na upepo linafanya tumbo. Mimi nimefua umri wangu wote nije kupigwa picha na karatasi?"

Na ilikuwa kweli. Alipoziokoa nyuso aliyaua mashuka; yalikuwa pengo jeupe tu nyuma ya watu. Jioni ile nyumbani alikaa kwenye kigoda cha seremala, kamera mapajani, akiwa amenuna. Mume wake akampa muda, halafu akauliza, "Mume mwenzangu amekuudhi?" Hakucheka. Alimwambia jinsi mtoto yule alivyouliza, na jinsi Bibi alivyojibu. Alimwambia kwamba Bibi Buluu ana picha moja tu maishani mwake, ile ya kitambulisho, na hata kwenye hiyo anaonekana kama doa. Ndipo seremala alipoweka randa chini. "Wewe piga," akasema. "Fremu niachie mimi."

Kesho yake aligeuza saa ya chai kuwa darasa. Jicho moja halikutosha, aliliona hilo. Alihitaji macho saba. Kila dobi alitoa simu yake, hata ile ya Bibi Buluu iliyopasuka kona. Akawaonyesha: gusa uso wa mtu kwenye kioo, ukishauona umeshikwa, pandisha kidole taratibu, mwanga unaongezeka, ukiona shuka limeanza kupoteza pindo, umezidisha, shusha. Walifanyia mazoezi ndoo, mikono, visigino, na wao wenyewe. Mwanzoni walifunika nyuso kwa viganja na kusema wana sura mbaya. Baada ya siku chache walikuwa wanagombana kuhusu kivuli. "Umenikata kichwa!" "Hujakatwa, umejikunja mwenyewe!" "Sogea kwa miguu, acha uvivu!" Kila Mama Tulia alipojifunza jambo kwa Fundi Redio, halikulala, asubuhi lilikuwa uani kwa madobi, na walichokigundua madobi kilirudi kwenye kikundi kabla chai haijapoa.

Na ndivyo jibu lilivyokuja. Ilikuwa mapema, jua bado limejificha nusu nyuma ya paa la wodi. Mama Tulia alikuwa anamlenga Bibi Buluu aliyesimama na mashuka yake nyuma, na picha zinatoka zilezile za giza. Kicheko akapita na shuka bichi amelikunjua kwa mikono miwili, anakwenda kulitundika kwenye kamba ya mbele, na alipofika pembeni mwa kamera, shuka likilitazama jua, uso wa Bibi Buluu ukawaka. Haukung'aa kama sufuria. Uliwaka taratibu: mistari ya pembeni mwa macho, kovu dogo juu ya nyusi, weupe wa mvi mbili zilizochungulia kwenye kitambaa. Na nyuma yake pindo la shuka lilikuwepo, na kibanio kilikuwepo.

"Simama hapohapo!" Mama Tulia akapiga yowe.

"Mikono inauma!" Kicheko akalia.

"Iume!"

Shuka la mbele lilikuwa linaudaka mwanga na kuwarudishia watu usoni. Kwa nini hawakuliona hilo miaka yote wakipita katikati ya kamba? Kwa sababu walikuwa wanafua. Asubuhi iliyofuata walianika kwa mpango: kamba moja nyuma, kamba moja mbele, zinatazamana kama kuta za chumba, na madobi katikati kivulini, na pengo dogo mbele kwa ajili ya kamera. Hakuhitaji kujumlisha sana, kidogo tu. Alijaribu, akatazama, akawasogeza, akajaribu tena, mpaka Bibi Buluu mwenyewe alipoona picha ya majaribio akasema, "Hilo ni shuka," na kwa Bibi Buluu hiyo ni sifa kubwa kuliko zote.

"Haya, tulieni, msipepese," Mama Tulia akasema, jicho kwenye kamera.

"Na wewe?" Bibi Buluu akauliza.

"Mimi nipo hapa nyuma ya kamera."

"Mimi niliulizwa niko wapi nikakosa jibu. Wajukuu zako wakikuuliza wewe, utawaambia upo nyuma ya kamera?"

Kwa hiyo kamera ikawekwa juu ya karai, karai juu ya toroli ya nguo, na Mama Tulia akaiwekea ile saa ya kujipiga yenyewe. Taa nyekundu ikaanza kukonyeza. Akakimbia na viatu vya mpira kwenye sakafu iliyolowa, akateleza, akashika shuka, shuka likamwokoa, akafika mahali pake akiwa bado anageuka, na kamera ikalia kliki.

Waliizunguka wote. Madobi sita walikuwa wametoka wazi kabisa, kila mmoja na uso wake. Bibi Buluu katikati, kidevu juu, anaitazama kamera kama anaidai maelezo. Kicheko na meno yake, lakini sasa meno yalikuwa na mwenyewe. Na pembeni kulia, mtu mwenye pua mbili na mkono uliokuwa bado njiani.

"Mama Tulia hajatulia!" Kicheko akasema, wakavunjika mbavu, wengine wakakaa chini kabisa juu ya mafurushi. Mama Tulia alitaka irudiwe. Bibi Buluu akaweka kiganja juu ya kamera. "Hiihii. Huyu ndiye wewe. Ukitoka umetulia hakuna atakayekujua."

Wakaipeleka studio ikasafishwa kubwa, seremala akaitengenezea fremu ya mbao za masanduku, akaipiga msasa mpaka ikawa laini, na Mama Tulia akaipeleka kwa Katibu akiwa ameikumbatia.

Katibu aliitazama muda mrefu. "Nzuri," akasema, na alimaanisha. Halafu ofisi ikamrudia usoni. "Lakini huyu wa pembeni ametikisika. Na haikupigwa na mpiga picha wetu. Na ukuta, mama, nilikuambia, umejaa."

"Toa jenereta."

"Jenereta ni mali ya hospitali!"

"Na sisi ni nini?"

"Ukuta ule ni wa wanaohudumia wagonjwa. Jenereta likizimika, upasuaji unasimama."

"Na mashuka yakikosekana? Nitajie wodi moja, Katibu, moja tu, ambayo mgonjwa amelala juu ya godoro tupu. Nitajie, nami naondoka na picha yangu."

 Katibu angeweza kucheka hapo, mambo yakaisha, lakini mlango ulikuwa wazi na wahasibu wawili walikuwa wamesimama wakisikiliza, na mtu mwenye cheo kipya hapendi kushindwa mbele ya wahasibu. Mchana huo tangazo likabandikwa getini: kuanzia leo, ni marufuku mfanyakazi yeyote kuingia na kamera. Mlinzi alimzuia Mama Tulia kesho yake huku akimwomba radhi, kwa sababu na yeye alishafundishwa jinsi ya kumpiga mbwa wake picha bila macho kuwa mekundu.

Mama Tulia hakubishana na mlinzi. Alihamishia darasa nje ya geti, kwenye benchi la muuza chai. Nje ya geti si hospitali, alisema, na Katibu akitaka anunue barabara. Wakaja madobi wote. Akaja mlinzi akiwa zamu ya kupumzika, na muuza chai mwenyewe, na wauguzi wawili waliojisingizia wamekuja kunywa chai. Darasa lilikuwa kubwa kuliko lilipokuwa ndani, na sauti yake Mama Tulia ilisikika mpaka dirisha la ofisi fulani: "Weupe ukizidi, msiogope! Jumlisha!"

Ikafika siku ya mwisho ya Bibi Buluu. Alitia buluu kwenye maji kwa mara ya mwisho, akamwonyesha Kicheko kiganja, akamwambia, "Hivi, si zaidi." Ofisi ilimwandalia soda na hotuba saa nne. Lakini asubuhi ile, mashuka yalipoanikwa, kamba ya mbele kabisa, ile inayotazamana na madirisha ya wodi, iliachwa wazi. Madobi wakaitundikia picha zao. Walikuwa wamepigana picha wao kwa wao siku zile za darasa la uani, wakazisafisha, wakazifunika kwa nailoni. Kila picha ilibanwa kwa vibanio viwili. Mikono ya Bibi Buluu ndani ya maji. Kicheko amelala juu ya furushi. Dobi wa zamu ya alfajiri akipiga mwayo. Na katikati, kwa kamba maalumu ya seremala, fremu kubwa ya wote saba.

Tangazo lilikataza kamera. Halikukataza vibanio.

Madirisha yakaanza kujaa. Wagonjwa waliokuwa na uwezo wa kutembea walishuka uani na vitambaa vyao mabegani. Mama mmoja wa wodi ya uzazi alisimama mbele ya picha akashika ncha ya shuka alilojifunga, akatazama picha, akatazama shuka. Madaktari wawili walikuja na makoti yao. Hata wale wahasibu walikuja. Na mjukuu alikuja, ameshikwa mkono na mama yake, akaachia mkono huo akatangulia mbio chini ya kamba, akainua uso.

"Bibi huyu hapa!" akapiga kelele. "Huyu hapa! Na huyu tena! Na mikono yake hii!"

Bibi Buluu alikuwa amesimama nyuma ya kamba na ndoo tupu. Hakujizuia. Alilia pale mbele ya madaktari na wahasibu, akajifuta kwa foronya safi, kitu ambacho asingemruhusu mtu mwingine yeyote kukifanya. Mama Tulia naye alikuwa analia, ila yeye alilia kwa hasira, maana ndivyo anavyolia siku zote.

Katibu akaja. Watu wakampisha njia. Alitembea chini ya kamba yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho, polepole, akasimama mbele ya fremu kubwa. Halafu akageuka, na kwa kuwa ni kijana aliyelelewa vizuri, ilibidi aanze na salamu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, hizi picha hazina kibali. Naomba zianuliwe."

Mama Tulia akavuta pumzi kubwa, lakini Bibi Buluu alimwekea mkono kifuani. Alizitazama picha zote, akasogea kwenye iliyo karibu, akaishika ncha kwa vidole viwili, kama alivyoshika kila nguo iliyowahi kuanikwa uani pale.

"Tutaanua," akasema. "Zikikauka."

Akamshika mjukuu mkono, akaenda kunywa soda yake.

Bibi Buluu amestaafu sasa, analea nyanya na kuku, na kwenye Darasa la Mwanga hutuma picha za jogoo ili Fundi Redio amlinganishe na wa kwake. Korido haijabadilika, jenereta lipo karibu na mlango wa choo. Na kule uani, mvua ikinyesha, picha zinaingizwa ndani pamoja na mashuka. Ikiacha zinarudishwa kwenye kamba, zinabanwa vizuri, zikitazama madirisha. Katibu hupita pale kila asubuhi akielekea ofisini. Siku nyingine hupita bila neno. Siku nyingine husimama, akaweka mikono mfukoni.

"Bado tu?" huuliza.

Na Mama Tulia, bila kuinua kichwa kwenye karai, humjibu, "Bado mbichi, Katibu."